Mdhamini

Saa mbili usiku, televisheni ya kwao imewashwa,
waziri mwenye tai ya buluu anaonyesha mchoro:
mstari mwekundu unapanda
kama homa ya mtoto kwenye kadi ya kliniki.
"Nchi inadaiwa," anasema. "Tukaze mikanda."
Miaka kumi na mmoja nimeyapiga pasi mashati ya Sinyori Ezio;
Kitaliano kimeniingia kwa mvuke.
Nimeelewa kila neno.
Lakini mimi hujifunga leso. Sina mkanda wa kukaza.

Asubuhi Ezio amekaa barazani, Casuarina,
na bahasha kutoka ofisi ya pensheni,
miwani imeshuka puani, kahawa imepoa.
Miaka thelathini na minane alikuwa fundi wa reli,
akigonga magurudumu kwa nyundo, akisikiliza ufa.
Sasa anaigonga barua kwa kidole.
"Wamekata."
"Kiasi gani?"
Ananionyesha kwa mkono: hapa, usawa wa goti.

Hivi ndivyo deni la Roma lilivyofika Muyeye:
kwanza lilimfuta kazi Mwaringa wa bustani,
likapunguza siku zangu, sita zikawa tatu,
likapanda bodaboda nami mpaka nyumbani,
likakaa jikoni, likafunua sufuria,
likauliza: hii nyama ni ya lazima?
Binti yangu Mbodze, aliyerudishwa kwa ajili ya karo,
akalitazama usoni, akasema, "Shikamoo."

Na hapa kwetu nako serikali inadaiwa.
Hospitalini nesi aliniandikia karatasi:
glavu jozi mbili, pamba, uzi wa kushonea,
kanunue, kisha uje tumzalishe dada yako.
Sikuuliza zilikokwenda za hospitali. Nilikimbia tu.
Niliporudi mtoto alikuwa ameshalia.
Huyo naye, kwa hesabu za redioni,
amezaliwa akidaiwa, kabla hajapewa jina.

Kuna kitu sikielewi, na nimekifikiria
nikisugua sakafu, nikianika shuka:
anayekopa haonekani, anayelipa ana jina.
Mkopo huu ulichukuliwa wapi, mbele ya nani?
Wanasema ni wetu sote.
Karamu sikuiona;
vyombo naviosha mimi.

Dukani kwa Bawazir kuna daftari la jalada jeusi,
kona zake zimeliwa na mafuta na vidole.
Hatozi riba; anaogopa moto.
Anachotoza ni macho:
anakuangalia ukipimiwa unga
mpaka nusu kilo yenyewe inaona haya.
Ukurasa wangu ni wa arubaini na moja.
Sukari. Sabuni ya mche. Sukari. Mafuta ya kupima. Unga. Sukari.
Ile sukari ya mwisho kaikata mstari mwenyewe,
hakusema, sikuuliza.

Jumamosi Ezio akaja jikoni, kofia mkononi,
na Kiswahili chake kisicho na viungo:
"Nyevu, mimi nataka duka. Lile la kuandika."
Tukaenda kwa miguu, jua la saa tisa,
vijana wa kona wakimwita, "Chao, babu!"
naye akiitikia kama mtu anayelipa.

Akachukua mkate, kibiriti, paketi mbili za maziwa.
Akashika jibini, akaisoma bei, akairudisha taratibu
kama anayemlaza mtoto wa mwenzake.
Bawazir akafunua ukurasa mpya,
akalamba ncha ya kalamu, akaandika: EZIYO, MTALIANO.
Kisha akaninyanyulia mimi macho.
"Mdhamini?"

Nikamfikiria waziri na tai yake,
mchoro, mstari mwekundu,
benki zote za kule zilizojengwa kwa mawe ya baridi.
Ezio alikuwa akisoma kopo la nyanya,
nyuma na mbele, kama ile barua.

Nikajipangusa mkono kwenye leso.
"Andika Nyevu wa Muyeye," nikasema.
"Ukurasa unaujua."